Unapandisha Dau, au Unapandisha Presha?

*Mnada wa mtandaoni unaweza kukupatia gari zuri kwa bei nzuri. Unaweza pia kukutia kwenye deni na kukununisha na mwenzako mwezi mzima. Mhariri wenu yamemkuta, na leo anasimulia bila kuficha.*

Ilikuwa saa kumi kasoro robo usiku, mwaka 2019. Baba watoto amelala fofofo, ametoka zamu ya jioni. Mimi niko sebuleni, taa nimezima, mwanga wa simu umenimulika usoni kama mwizi aliyenaswa na tochi ya mgambo. Wakala wetu aliyeko Japani anasubiri jibu moja tu: leo tuishie dau gani?

Jibu nililijua. Tulikuwa tumeliandika pamoja kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu: yen 400,000, basi. Lakini ndani ya wiki mbili tulishakosa magari mawili. La kwanza lilituponyoka kwa yen 12,000, la pili kwa yen 5,000 tu. Yaani shilingi laki moja hivi! Nikajiuliza, hivi kweli tuendelee kugombania daladala kwa ajili ya laki moja? Nikaandika 520,000. Nikatuma. Nikarudi kitandani kwa kunyata nisimwamshe mtu.

Asubuhi ujumbe ukaingia: "Hongera, umeshinda." Toyota Rumion ya mwaka 2010, nyeupe, inang'aa, kwa yen 515,000.

Mpenzi msomaji, makala hii inahusu lile neno "umeshinda".

Feri na kwenye simu, mnada ni ule ule?

Kama umewahi kudamkia soko la samaki la Feri pale Kivukoni, Dar es Salaam, mnada unaujua. Dalali anapaza sauti, mmoja anataja, mwingine anaongeza, kufumba na kufumbua samaki ana mwenyewe. Pale unamwona samaki kwa macho yako. Unamfunua mashavu uone kama bado mekundu. Mshindani wako unamwona, na ukimjua kuwa ni mama lishe mzoefu, akiacha kuongeza nawe unaacha. Tena hela iko mkononi, ikiisha imeisha.

Mtandaoni vyote hivyo havipo. Unaona picha alizochagua muuzaji. Mshindani wako humjui, pengine yuko Nairobi, Dubai au Auckland. Hela nayo ni tarakimu tu kwenye kioo, haina uzito wa noti zinazotoka mfukoni. Na saa inahesabu kurudi nyuma. Hapo ndipo mtu mwenye digrii yake, anayebishania mia tano ya nyanya sokoni, anaongeza milioni kwa kubonyeza kidole.

Kwa nini kichwa kinachemka

Mnada wa mtandaoni uliojulikana dunia nzima ni eBay, ulioanzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kitochi cha leza kibovu, na kilikwenda kwa dola 14.83. Kibovu! Kila kitu kina mnunuzi, ndugu yangu, na mnada kazi yake ni kumtafuta mtu anayekitaka kuliko wengine wote.

Wengi hawajui jinsi dau la eBay linavyofanya kazi. Unaingiza kiasi cha juu kabisa ambacho uko tayari kulipa, na mtambo unakupandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda. Ukiweka dola 50 na anayekufuatia akaishia 30, hulipi 50. Unalipa 30 na kidogo juu yake. Mchumi William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, aliandika tangu 1961 kwamba kwenye mnada ambao mshindi analipa bei ya anayemfuatia, busara ni kutaja thamani yako ya kweli. Usipunguze kwa ujanja, usizidishe kwa hasira.

Sasa kwa nini watu wanakesha wakiongeza kidogo kidogo? Kwa sababu tukizidiwa dau tunahisi tumenyang'anywa. Kitu bado si chako, lakini moyoni umeshakipaki nje ya nyumba, umeshakiosha Jumamosi. Anayekupita dau anakuwa kama amekuibia.

Kuna na wanaovizia dakika ya mwisho. Mwaka 2002 watafiti Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha minada ya eBay na ile ambayo Amazon ilikuwa nayo miaka hiyo. eBay ilifunga saa ikifika, iwe isiwe. Amazon iliongeza muda kila dau jipya lilipoingia mwishoni. Matokeo? Kwenye eBay watu waliorundikana dakika za mwisho walikuwa wengi zaidi. Somo lake ni jepesi: kabla hujaweka dau, jua mnada wako unafungwaje. Kama unafunga kwa saa, usitegemee kupata nafasi ya kujibu. Kama muda unaongezwa, jiandae kisaikolojia, maana mtavutana.

Laana ya mshindi

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika jambo lililowashangaza wengi. Kampuni zilizoshinda minada ya vitalu vya mafuta Ghuba ya Mexico zilikuwa zinaambulia faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Sababu? Kila kampuni ilikadiria mafuta yaliyomo chini. Wengine walikadiria chini, wengine juu. Anayeshinda ni nani? Ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, yaani aliyekosea zaidi kwa upande wa matumaini. Wachumi wanaiita laana ya mshindi.

Ilete nyumbani. Watu kumi wameangalia gari moja. Tisa wamesema, hapana, kwa bei hiyo tunaliacha. Wewe peke yako umesema ndiyo. Kabla hujapiga vigelegele, jiulize: wale tisa waliona nini ambacho mimi sikukiona?

Mimi sikuona kutu.

Karatasi niliyoifungia macho

Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani hupitia minada mikubwa kama ya kampuni ya USS, ambayo siku moja inaweza kuuza maelfu ya magari. Gari moja halichukui hata dakika. Mtu wa kawaida haruhusiwi kuingia, ni kampuni zilizosajiliwa tu, ndiyo maana mimi na wewe tunapitia kwa wakala. Na kwa kuwa Japani iko mbele yetu kwa saa sita, minada ikianza kwao asubuhi, kwetu majogoo bado hayajawika. Hakuna nafasi ya kuulizana "niongeze?" katikati ya mnada. Unatoa kikomo mapema, wakala anapigania mle mle.

Kila gari lina karatasi ya mnada iliyojazwa na mkaguzi. Hii ndiyo mashavu ya samaki. Kwa kawaida ina gredi ya gari zima: 5 na 4.5 ni safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu ya kuonekana, na 3 lina kazi zaidi. Ukiona R au RA, gari limewahi kupata ajali likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi, A ikiwa bora. Kisha kuna mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, 1 ni kidogo. Alama hutofautiana kidogo kati ya mnada na mnada, lakini ukizizoea utasoma gari kama unavyosoma menyu.

Halafu kuna maandishi ya mkono ya Kijapani, na hapo ndipo nilipoteleza. Karatasi nilitumiwa. Nikaona gredi 4, nikaona kilomita chache, nikaona weupe wa gari, nikaridhika. Sikuomba nitafsiriwe yale maandishi. Yalisema chini ya gari kuna kutu. Gari lilikuwa limetumika upande wa kaskazini, kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Juu linameta, chini limeliwa. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: viinamie uvichungulie chini.

"Ungeniamsha tu"

Lakini kutu haikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa ndani ya nyumba.

Siku ile nilipomwambia mume wangu gari tumelipata, alirudi na chipsi kuku na soda za watoto. Hakuuliza bei. Aulize ya nini? Kikomo si tulikiandika pamoja? Benki nilikwenda mimi. Ile yen 115,000 iliyozidi, kama shilingi milioni 2.4 kwa viwango vya wakati ule, niliichota kwenye fungu tulilotenga kwa ajili ya kodi na bandari. Nilijiambia nitalijaza kabla meli haijafika, kuna hela nilikuwa naitegemea kazini. Hela ikachelewa. Meli haikuchelewa.

Wakala wa forodha akaleta hesabu. Tukakaa mezani na daftari. Mume wangu akapiga hesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Akageuza ukurasa wa nyuma. Akaniangalia. Nikasema.

Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema tu, "Mama, mimi nimeuza pikipiki." Ni kweli. Ili ile 400,000 itimie, aliuza pikipiki yake na kwa miezi minne alipanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi. Kisha akasema, "Ungeniamsha tu. Labda hata mimi ningekubali."

Gari lilikaa bandarini, siku za bure zikaisha, tozo ya kuhifadhi ikawa inahesabiwa kila kukicha. Tukakopa SACCOS. Nikaja kuligeuza lile gari chini kwa fundi, bomba la moshi likabadilishwa, na kutu ikapigwa msasa na kupakwa dawa. Mwezi mzima tuliongea mambo ya watoto tu. Ukinipigia hesabu, lile gari nililiokotea shilingi laki moja ya hasira.

Basi ufanyeje? Mambo saba ya kuzingatia

1. Anzia nyumbani, malizia kwenye dau. Wengi tunaanza na bei ya gari, kisha tunashangaa mengine. Geuza. Mfano, tarakimu ni za kuelewesha tu: mfuko wenu wote ni milioni 20. Toa kodi milioni 8, meli na bima milioni 3, bandari, wakala wa forodha na usajili milioni 1.5, ada za wakala wa Japani milioni 1, na akiba ya fundi milioni 1. Kinachobaki ni milioni 5.5. Hicho ndicho kikomo chenu, si milioni 20! Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Kodi iangalie kabla. TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Unaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa makadirio. Kinatumia thamani iliyo kwenye mfumo wao, kwa hiyo usidhani kuokota gari kwa bei ya kutupa kutapunguza kodi. Na umri ni pesa: gari likivuka miaka 8, na tena likivuka 10, ushuru wa uchakavu unapanda. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo angalia na tarehe litakayotia nanga.

3. Acha nafasi ya kupanda na kushuka kwa fedha. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa kama yen 109. Oktoba 2022 ilivuka 150. Yen ikishuka ni raha yako, lakini meli na kodi vinahesabiwa kwa dola, na shilingi yetu nayo ina siku zake.

4. Soma karatasi yote, hasa mwandiko. Omba karatasi halisi ya mnada, hakikisha namba ya chasisi inalingana na ya gari, na dai tafsiri ya kila mstari. Wakala anayekwepa kukupa karatasi amekupa jibu tayari. Kama unanunua simu au kompyuta kwenye minada mingine, karatasi yako ni maelezo ya bidhaa: soma mpaka nukta ya mwisho, angalia sifa za muuzaji, na omba picha ya upande ambao hakuupiga.

5. Tazama zilikouzwa, si zinakotangazwa. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Kwenye eBay unaweza kuchuja uone vitu vilivyokwisha kuuzwa na bei zake. Mawakala wengi wa Japani nao wanaweza kukuonyesha matokeo ya minada iliyopita. Angalia kumi zinazofanana na unachotaka, ndipo utajua kikomo chako ni cha haki au ni cha kuota.

6. Dau moja, la kweli, kisha kalale. Taja kikomo chako mara moja. Kiongezee tarakimu isiyo ya kawaida, mfano 403,000 badala ya 400,000, maana wengi huishia kwenye namba za mviringo. Usiweke dau kwenye vitu viwili wakati mmoja kama unataka kimoja, maana unaweza kushinda vyote. Ukiona bei inapandishwa na mtu yule yule kila mnada wa muuzaji yule yule, huenda wamepangana. Ondoka.

7. Hela ipite mlango wa mbele. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, jina likiwa lile lile lililo kwenye ankara. Ukiambiwa ghafla kuwa akaunti imebadilika, au tumia ya mtu binafsi, au "tumalizane nje ya mtandao nikupunguzie", simamisha kila kitu na piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kama umekosa mnada kisha ukapata barua pepe kuwa mshindi amejitoa na sasa ni zamu yako, usibonyeze kilichomo. Ingia kwenye akaunti yako mwenyewe uone kama kweli ipo.

Kwa wawili

Hayo saba ni ya mfukoni. La nane ni la chumbani, na ndilo lililonigharimu zaidi.

Kikomo mlichokiandika wawili ni ahadi. Kukipandisha peke yako, hata kwa nia njema, hata kwa shilingi laki moja, ni sawa na kumwambia mwenzako kwamba sauti yake inahesabika mchana tu. Na usijidanganye kwamba utamwambia baadaye. Baadaye ina tozo yake, inahesabiwa kila kukicha, kama ile ya bandarini.

Sisi siku hizi tuna utaratibu. Kikomo tunakiweka Jumapili mchana, tumeshiba, hakuna mnada unaoendelea. Kila mmoja anaandika namba yake kwenye karatasi bila kumwonyesha mwenzake, kisha tunafunua. Tunachukua ile ndogo. Ukitaka kuipandisha, ruksa, lakini lazima mwenzako awe macho, ameketi, na amesema ndiyo kwa mdomo wake. "Mmh" ya usingizini haihesabiki.

Mwaka 2023 tulitafuta gari dogo, Vitz, la mume wangu kwendea kazini. Tukakosa la kwanza. Tukakosa la pili, la tatu, la nne. Usiku wa kulikosa la nne mimi ndiye niliyeamshwa. "Mama, bei imepita kidogo tu. Tunaongeza?" Nikafungua jicho moja. "Imepita kiasi gani?" Akasema, "Yen 6,000." Tukatazamana gizani. Tukaanza kucheka, tukacheka mpaka mtoto akagonga ukuta. Hatukuongeza.

La tano tulilipata chini ya kikomo, lina mkwaruzo mmoja mlangoni, A2 kwenye karatasi, tuliujua kabla halijapanda meli. Kila akipita mume wangu anaugusa kwa kidole. Anasema ndiyo sehemu anayoipenda kuliko zote kwenye lile gari.